Mawe ya Mfuko Namba Kumi na Nne

Makina, Kibera
11 Februari 2024

Kwa Baba Obonyo,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Obonyo na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mama yangu bado yuko. Miguu inamsumbua, lakini mdomo uko sawa kabisa.

Mimi ni Batul Fadlalla. Nilikuwa mwanafunzi idara ya jiolojia wakati wewe ulikuwa fundi wa maabara, yule wa mawe ya Kilima cha Kyandoa, Kitui. Siku hizi nafundisha palepale. Nimekutafuta kwa muda. Nilipiga simu mara tatu ukawa unasema "halo, halo" na kukata. Juzi nikinunua omena Kisumu Ndogo tukaanza kuongea na muuzaji, Seline, kumbe ni dada yake Mama Obonyo. Yeye ndiye aliniambia msumeno wa mawe ulimaliza masikio yako, limebaki moja tu, nalo kidogo. "Mwandikie," akasema. "Huyo anasoma hata karatasi ya kufungia mandazi. Mimi nitapeleka."

Baba Obonyo, nina habari ya yale mawe.

Mwaka wa 2005 nilikuletea mifuko kutoka kilima kile kimoja. Ulisaga, ukachekecha, ukaosha, ukanitolea punje za zikoni, zile ndogo kuliko chembe ya sukari ambazo zinaweka umri wa mwamba. Punje zilipopimwa ng'ambo, mfuko namba kumi na saba ulitoa karibu miaka milioni mia tano sabini. Namba kumi na nne ukatoa karibu milioni mia saba. Profesa Kimotho akasema haiwezekani kilima kimoja kiwe na umri wa namna mbili. Akasema ulitoka matangani umelewa, hukuosha kinu, ukachanganya mawe ya mtu mwingine na yangu. Ukaondoka kazini. Mimi nikaandika tasnifu bila mfuko wa kumi na nne, nikafaulu.

Punje zilizobaki zilikuwa bado kabatini, kwenye vichupa vyenye mwandiko wako. Mwaka jana nilizibeba mwenyewe hadi ng'ambo, kwenye mashine mpya. Zamani zilikuwa zinayeyushwa nyingi pamoja, unapata umri wa mkorogo. Hii ya sasa inachoma tundu kwa miali kwenye punje moja, katikati kivyake na ukingoni kivyake. Matokeo ni haya: punje zina kiini cha miaka milioni mia saba ishirini na ganda la milioni mia tano sitini. Kwenye mifuko yote miwili. Za kumi na nne zina kiini kikubwa na ganda jembamba, za kumi na saba ni kinyume. Ni kilima kimoja, kiliwaka mara mbili.

Hukuchanganya kitu. Nasikitika kwa yaliyokupata, na kwamba nilinyamaza.

Ni mimi binti yako,
Batul


Kabiro, Kawangware
3 Machi 2024

Batul,

Habari ya huko. Sisi tuko, Mungu anatuweka. Mke wangu Mildred ana presha lakini anameza dawa bila kuruka. Mpe mama yako pole ya miguu.

Barua yako nimeisoma siku nyingi kabla ya kujibu. Kuna mahali umeruka.

Umeandika Profesa alisema sikuosha kinu. Hukuandika nilikuwa na nani nikiosha. Nilikuwa na wewe. Wewe ulishika brashi ya waya, mimi nikashika mpira wa kupulizia upepo. Tulikiosha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wewe mwenyewe ulisema unaona unga mweusi kwenye pembe. Siku niliyoitwa mbele ya kamati ulikuwa umekaa kwenye benchi pale nje. Nilikuangalia. Ukaangalia viatu vyako.

Na mimi niseme langu, isiwe ni wewe peke yako unaandika. Siku ile ni kweli nilikuwa nimetoka kwa matanga ya ndugu yangu Dalmas, na nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya busaa. Kamati wakaniwekea karatasi imeshaandikwa: mimi Jeconia Osewe nakiri nilichanganya sampuli. Wakasema nikitia sahihi, familia itakaa kwenye nyumba za chuo mpaka Obonyo amalize mtihani. Nikatia. Nilidhani ni uongo mdogo wa kupita. Lakini karatasi ikishakuwa na jina lako chini, mwaka baada ya mwaka unaanza kuiamini. Nikaanza kujiuliza labda sikuosha. Labda ni siku nyingine tuliyoosha. Makau, anayekata mawe ya makaburi hapa Kawangware, amenifuata mara mbili nifanye naye kazi, nikakataa. Nikawa soja wa langoni miaka kumi na minne. Lango ni lango tu, huwezi kulichanganya na lango lingine.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza: mmejuaje kile kiini si uchafu wa mawe mengine? La pili: kilima kinawezaje kuwaka mara mbili?

Na nina ombi moja. Mildred hakuwahi kuamini niliosha kinu. Alisikia pombe, akafunga hesabu hapo. Nikishika sukari na chumvi ananiambia, "Usichanganye." Watoto wamekua wakisikia hivyo, sasa hata wajukuu wanasema. Habari hii usinipe mimi peke yangu. Njoo umwambie yeye.

Mimi,
Baba Obonyo


Makina, Kibera
10 Machi 2024

Baba Obonyo,

Salamu tena. Nimefurahi kusikia Mama Obonyo anameza dawa. Kwetu Ramadhani inaanza, mama amekataa katakata kuambiwa apumzike.

Ni kweli. Brashi nilikuwa nayo mimi. Nilikumbuka siku ile nikiwa kwenye benchi na nimekumbuka kila mwaka tangu hapo. Profesa Kimotho aliniambia nikisimama na wewe hatasaini tasnifu yangu. Nilikuwa mtu wa kwanza kwetu kufika pale. Nikajiambia wewe ni mtu mzima, utapata kazi nyingine. Sina maneno ya kulipamba hilo.

Maswali yako. Uchafu ungekuwa punje nzima za mawe mengine, zimekaa peke yazo kando ya za kwetu. Hizi kiini na ganda vimeshikana ndani ya punje moja, ganda limefuata umbo la kiini kama maganda ya kitunguu. Kinu hakiwezi kufanya hivyo, hata kisipooshwa mwaka mzima.

La pili ni refu kidogo. Zamani sana, kabla hakujawa na mnyama mwenye mifupa, mashariki ya hapa kulikuwa na bahari. Sakafu yake ilikuwa inazama polepole chini ya bara la jirani. Ikishuka, inafanya mwamba wa huko chini uyeyuke, na ule mwamba ulioyeyuka, magma, unapanda. Mwingine ulitoka juu kama volkano. Mwingine haukufika, ukapoa chini kwa chini, ukawa graniti. Hiyo ndiyo miaka milioni mia saba ishirini, na ndiyo viini vyako.

Bahari ikaendelea kufungika mpaka ikaisha. Mabara mawili yakakutana, na hayakuwa na pa kwenda ila juu. Ikainuka safu ya milima kutoka Msumbiji kupita kwetu hadi Ethiopia na mbele. Huko chini, kwenye mizizi ya milima, joto likawa kali, na ile graniti ya zamani ikaanza kuyeyuka upya. Zikoni ni sugu, haikuyeyuka yote. Ilipopoa ikavaa ganda jipya. Hiyo ndiyo milioni mia tano sitini.

Milima yenyewe imeshaliwa na mvua. Vilima vya Kitui ni mizizi iliyobaki. Profesa aliona mgongano tu, akadhani hadithi inaanzia hapo. Mfuko wako wa kumi na nne ndio ulikuwa na habari ya bahari. Tuliutupa.

Kuhusu Mama Obonyo, nitamwandikia barua rasmi yenye muhuri wa idara. Nadhani itakuwa na uzito zaidi.

Binti yako,
Batul


Kabiro, Kawangware
12 Machi 2024

Batul,

Hatujambo. Maelezo nimeyaelewa, asante. Ya kitunguu nimeipenda.

Barua yenye muhuri usilete. Karatasi ya mwisho yenye muhuri kuingia kwetu ndiyo ilitutoa kwenye nyumba ya chuo, hata kabla Obonyo hajafika kwenye mtihani. Mildred hataifungua.

Njoo kwa miguu yako, ama uache.

Baba Obonyo


Makina, Kibera
2 Juni 2024

Baba Obonyo,

Habari za siku nyingi. Najua nimenyamaza karibu miezi mitatu. Natumaini mvua haikuwaharibia. Hapa Kibera watu wa karibu na mto walihamishwa na maji. Kwetu yaliingia mpaka kwenye kizingiti, tukalaza watoto wa jirani sebuleni wiki mbili. Lakini si mvua iliyonizuia kuandika, wala Ramadhani. Niliogopa.

Mwezi wa nne nilienda kwa Profesa Kimotho. Amestaafu, ana bustani ya maua, anatembea na fimbo. Nilimwonyesha picha za punje. Aliziangalia kwa muda mrefu, kwa sababu bado anajua kuangalia jiwe. Kisha akasema, "Kwa vifaa tulivyokuwa navyo, nilisema nilichoona." Nikamwambia, "Lakini ya pombe hukuyaona kwenye jiwe." Akamwita msichana aondoe vikombe. Chai ilikuwa haijamiminwa; nikaondoka.

Nimeandika kwa jarida lililochapisha kazi yangu, nikaeleza kwamba niliacha sampuli nje nikijua imetayarishwa vizuri. Nimeandika pia kwa idara. Mkuu wa idara aliniita. Alikuwa mpole. Akaniuliza kama nimefikiria kwamba jina langu liko kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwaka huu. Nikasema nimefikiria. Jina limetolewa.

Nakwambia haya usidhani nalipa deni nipewe risiti. Nakwambia kwa sababu nilipotoka kwa mkuu wa idara niligundua kwamba bado Kabiro inanitisha kuliko ofisi yake.

Nitakuja Jumapili ijayo, tarehe tisa, baada ya nyinyi kutoka kanisani. Nitakuja peke yangu.

Binti yako,
Batul


Kabiro, Kawangware
16 Juni 2024

Batul,

Habari ya nyumbani. Sisi wazima.

Asante ulikuja. Naona ulitembea kutoka barabarani, viatu vilijaa matope, na hukuomba maji ya kunawa mpaka ulipomaliza.

Sasa nina shida. Sikusikia. Nilikaa upande wa sikio langu zima lakini wewe unaongea chini, na Mildred alikuwa amenipa mgongo. Niliona unaongea. Niliona Mildred amesimama, ameketi, amesimama tena. Niliona amepiga meza mpaka kifuniko cha sufuria kikaruka. Kisha ukalia, na yeye hakulia. Kisha akakuwekea chai, nikajua yameisha, lakini sikujua yameishaje.

Ulipoondoka nikamuuliza, "Amesema nini?" Akaniambia kwa mkono ningoje. Akaenda kwa Seline akakaa huko mpaka jioni. Tangu siku hiyo ananiangalia kama mgeni aliyeletwa na mtu. Hasemi. Obonyo amepiga simu mara mbili akaongea na mama yake, mimi nikapewa salamu tu.

Nimengoja miaka kumi na tisa yasemwe, yamesemwa chumbani mwangu, na mimi sijayasikia. Niandikie yote. Usinifiche chochote.

Baba Obonyo


Makina, Kibera
20 Juni 2024

Baba Obonyo,

Salamu. Naandika ninavyokumbuka, na usiku ule ule niliandika kwenye daftari, kwa hivyo nadhani ni sahihi.

Nilimwambia mimi ni nani. Akasema, "Nakujua. Ulikuwa unakuja nyumba za chuo kuchukua vichupa. Nilikupa uji." Nilikuwa nimesahau uji.

Nikamwambia mawe hayakuchanganyika, kwamba mashine imeonyesha. Akasema, "Sijakuuliza habari ya mawe. Alikuwa amelewa ama hakuwa?"

Nikasema, "Alikuwa amekunywa kidogo, Mama Obonyo. Mikono yake ilikuwa sawa. Kinu tuliosha pamoja, mara mbili. Nilikuwa nimeshika brashi."

Hapo ndipo alisimama. "Wewe? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaketi. Akasema polepole, "Yeye aliniambia. Siku tuliyohama, tukiwa juu ya mkokoteni na kitanda, aliniambia, 'Tuliosha na yule msichana wa Kibera.' Nikamwambia asiniletee hadithi za walevi."

Nikamwambia kosa ni langu. Ndipo akapiga meza. Akasema, "Lako ni lako, na nitakupa lako. Obonyo wangu aliacha shule kidato cha pili. Nilifulia watu nguo hapa Kabiro mpaka vidole vikapasuka. Hayo ni yako na ya Profesa wako. Lakini miaka kumi na tisa mwanamume anakaa na mimi, anaambiwa 'usichanganye' mbele ya watoto, hiyo hukusema wewe. Hiyo nilisema mimi."

Nikalia. Akaniambia, "Lia haraka, chai inapoa." Nilipoinuka kuondoka akaniuliza kama niko tayari kumwambia Obonyo pia, kwa simu. Nikasema ndiyo. Nimeshaongea naye, Jumanne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, madam," akakata. Nadhani sawa yake haikuwa sawa, na ni haki yake.

Jarida limekubali kuchapisha sahihisho. Ndani yake kuna sentensi inayosema sampuli namba kumi na nne ilitayarishwa ipasavyo na J. Osewe. Wewe ulitaka wapi pengine isemwe?

Binti yako,
Batul


Kabiro, Kawangware
1 Septemba 2024

Binti yangu Batul,

Salamu kutoka kwetu sote. Miguu yangu, baada ya kile kilima, imeacha kuuma tangu Alhamisi. Ya mama yako inaendeleaje? Mwambie dawa ya Mildred ya kuchua ipo, nitampa Seline.

Nilikuandikia kwamba sitaki sherehe, nataka kukiona kilima, ukatupeleka. Nashukuru. Miaka ishirini na mitatu nilikata mawe ya kila mlima wa nchi hii, na hakuna siku hata moja fundi wa maabara alipandishwa kwenye gari la safari. Jiwe lilinijia kwenye mfuko, na namba. Sikujua Kyandoa ina mibuyu kwa chini na nyani kwa juu. Sikujua graniti ikiwa nyumbani kwake ina joto namna ile mchana.

Sasa nikwambie ambayo hukuyaona. Ulipozunguka upande wa pili na yule mwenye shamba, Mulwa, kutafuta mahali ulipopigia nyundo mara ya kwanza, mimi na Mildred tulibaki pale penye mwamba mweusi uliokatwa na mstari mweupe. Mke wa Mulwa akaja na watoto na maji. Akaniuliza tumekuja kutafuta dhahabu? Nikamwambia hapana. Akauliza, basi kuna nini?

Nikawaeleza. Unajua mimi naongea kwa sauti kubwa, sijisikii. Niliwaambia palikuwa na bahari, ikafungwa. Niliwaambia hili jeusi lilikuwepo kwanza, na hili jeupe liliyeyuka likaingia baadaye, ona linavyolikata, mkataji huja baada ya anayekatwa. Nikawawekea vidole vyao pale kwenye mpaka. Niliwaambia hapa tulipokaa tuko kwenye mzizi, mlima wenyewe ulikuwa huko juu, kilomita nyingi, mahali yule mwewe hafiki. Niliongea mpaka maji yakaisha. Mildred hakunikatiza. Ameishi na mimi miaka arobaini na moja na hiyo ni mara ya kwanza kusikia kazi yangu ilikuwa nini.

Tulipoanza kushuka alinishika mkono, nikadhani anaogopa kuteleza. Akalileta sikio langu zima karibu na mdomo wake, akasema, "Jeconia, uliniambia ukweli juu ya mkokoteni. Nisamehe." Nilisikia kila neno. Nikafanya kama sijasikia, nikasema, "Nini?" Akasema tena. Nikasema, "Nini?" Akanipiga bega, akajua.

Barua ya idara niliipata Jumatatu. Wanasema wametafuta faili langu hawalioni, kwa hivyo hawawezi kufuta kilichoandikwa ndani yake. Nimecheka. Nimeiweka tu. Zile kurasa za jarida Obonyo alizichukua, akazitoa fotokopi, sijui kumi ngapi, anagawia hata watu wa stendi ambao hawajui zikoni ni nini. Wewe bado hajakuzoea. Mpe muda.

Makau alikuja tena. Nimemwambia nitaanza na jiwe moja, nione kama macho bado yanafaa.

Mildred ana swali lake, na mimi limenishinda. Anataka kujua mawe makubwa ya kwao Seme, yale yaliyopandana, kama na yenyewe ni ya mlima huu wa Kitui. Nimemwambia nadhani ni ya zamani zaidi, labda miaka zaidi ya bilioni mbili, yalikuwa yameshapoa yametulia wakati huku kwingine bado ni bahari. Ameshaanza kuwaambia majirani wa ploti kwamba kwao ni kwa zamani kuliko Ukambani, na mama mmoja Mkamba wa nyumba ya tatu amekasirika. Kabla hawajagombana, njoo Jumapili utueleze vizuri. Atakaanga samaki. Anasema uje na njaa, na ukiweza uje na mama yako, tutamtafutia kiti chenye mgongo.

Ni mimi,
Baba Obonyo